Kilichofungwa kwenye Springi

Fundi alizigonga springi kwa kidole, na badala ya kunguruma, zikakohoa.

Kila fundi wa amplifaya za gitaa anakijua kipimo hicho. Chini ya amplifaya za zamani, zile zinazokuza sauti kwa taa za kioo, kuna kisanduku cha bati chenye springi tatu nyembamba. Sauti ya gitaa huingia upande mmoja, huzitikisa, kisha hutokea upande wa pili ikiwa na mwangwi, utadhani mpigaji yuko ndani ya ukumbi mkubwa. Ukizigonga kwa kidole, spika hutoa mshindo wa radi. Hii ilitoa kikohozi cha mtu mzima anayejizuia asisikike.

"Imeshikwa na mafua," fundi alisema, akacheka peke yake. Alizoea kuucheka utani wake mwenyewe, maana mkewe alishaacha kuucheka.

Karakana yake ilikuwa sebule ya nyumba. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alirudi kila adhuhuri akiwa bado amejaa habari za watoto: nani kang'atwa, nani kajikojolea, nani leo kasoma neno zima bila kusaidiwa. Fundi alimwita Kasuku. Zamani lilikuwa jina la mapenzi. Siku hizi lilikuwa la kumnyamazisha.

"Kasuku, mimi nafanya kazi kwa masikio. Hebu nipumzishe."

"Nimekusalimu tu, mwenzangu."

"Salamu gani haina mwisho?"

Mkewe akaingia jikoni. Fundi akaendelea na kazi. Mwenye amplifaya, mama mmoja aliyeirithi kwa kaka yake mpiga gitaa, alikuwa amelalamika kwamba mwangwi ni hafifu, na mwanawe anataka kuipiga. Fundi akabadilisha taa ya mwangwi. Hafifu vilevile. Akabadilisha nyaya. Akapima koili kwa mita, zote nzima. Kilichobaki kilikuwa kukifungua kisanduku chenyewe, na alipokifungua akakutana na harufu ya chumba cha mgonjwa, na kitambaa cheusi kilichopitishwa kati ya springi na kukazwa kwa mafundo madogo madogo, kazi ya mtu mwenye subira.

"Mpe mwanamuziki bisibisi, atakuharibia mpaka kitasa cha mlango," alisema kwa dharau.

Wala hakujiuliza. Fundi akikuta kitu kimezuiwa, mkono wake humtangulia. Akayakata mafundo kwa wembe, akakitupa kitambaa jikoni, kwenye makaa. Aliporudi akagusa uzi mmoja tu wa gitaa, na sebule nzima ikajaa. Alijisikia bingwa.

Usiku huo mkewe alimkaribisha chakula kwa sauti iliyokwaruza. Kesho yake alinong'ona. Siku ya tatu alifungua kinywa mbele ya watoto na hakikutoka kitu, nao wakacheka, wakidhani ni mchezo. Mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani: apone ndani ya wiki mbili, la sivyo atatafutwa mwingine. Alimweleza mumewe yote hayo kwa kuandika nyuma ya kitabu cha mahudhurio, na tone la chozi likauvuruga wino.

"Maji ya moto na chumvi," fundi alisema. Moyoni, Mungu amsamehe, aliufurahia ule ukimya.

Siku ya nne, mchana kweupe, mkewe amelala chumbani, fundi alikuwa ameinama mezani, gitaa likining'inia ukutani, wala hakuna aliyeligusa, aliposikia springi zikitikisika taratibu ndani ya bati, na ile harufu ya chumba cha mgonjwa ikapanda tena mpaka ikamkaa kooni, na kutoka kwenye spika ikaja sauti ya mkewe, laini, yenye mwangwi mrefu, ikisema, "Nimekusalimu tu, mwenzangu," naye akaruka akachomoa plagi ukutani, akabaki ameushika waya mkononi kama mkia wa panya, huku taa za kioo zikiendelea kuwaka na ile sauti ikimuuliza mbona hapokei salamu.

"Nani wewe?" alinong'ona.

"Kasuku wako."

Fundi alisema upuuzi wa kwanza uliomjia: "Basi wewe kasuku wa ajabu, hata mbegu huli."

Spika ikacheka. Kile ndicho kicheko chenyewe cha mkewe, cha miaka ya uchumba, alichokuwa amesahau kwamba aliwahi kukipata.

Akatoka nje mbio, akampigia simu mwenye amplifaya.

"Dada, mle ndani kulikuwa na kitambaa."

"Kulikuwa?"

"Nimekitoa."

"Nilikuomba utazame mwangwi, fundi, hukuniuliza kitu. Alikifunga marehemu kaka. Kuna jini mle, linakula sauti. Nilidhani limeondoka naye." Akashusha sauti. "Nani kwako amekuwa bubu?"

"Mke wangu."

"Kaka aliambiwa azikate springi zote tatu, kwa mkono uleule uliolifungulia, na sauti ingerudi kwa mwenyewe. Hakukata. Alifunga kitambaa tu. Wifi yangu amekufa bila kusema neno."

"Kwa nini hakukata?"

"Hakutaka kunieleza."

"Basi kaka yako alikuwa mjinga," fundi alisema, akakata simu.

Aliingia ndani na kumweleza mkewe kila kitu. Mkewe aliinuka kitandani kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaenda mwenyewe kuleta koleo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Walisimama pamoja mbele ya kisanduku. Fundi akaiweka springi ya kwanza katikati ya meno ya koleo.

"Usinirudishe," sauti ikasema.

Mkono wake ukasita.

"Kule nilishakuchoka, mume wangu. Kule nakupikia tu. Huku bado nakupenda."

Fundi akageuka kumtazama mkewe, akitegemea atikise kichwa, akanushe. Mkewe alikuwa mkweli tangu utoto. Aliinamisha macho. Kisha akaishika kalamu akaandika neno moja, KATA, akalipigia mstari mara mbili, akamwekea karatasi mbele ya uso.

Koleo lilikuwa limeshika springi. Lilihitaji kubanwa tu, hata mtoto wa chekechea angeweza. Jasho likamtiririka fundi mpaka kwenye vidole, dakika zikapita, na taratibu sana, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kukwaruza kitu cha thamani, akaliweka koleo mezani.

Mkewe hakumpiga, wala hakulia. Alikunja nguo zake chache, akachukua vitabu vya watoto, akafika mlangoni. Pale akageuka, midomo yake ikatamka jambo refu, polepole, neno kwa neno, kisha akatoka.

"Amesema nini?" fundi aliuliza.

"Hajasema kitu," sauti ya mkewe ilimjibu kutoka kwenye spika. "Nichekeshe tena."