Mbeleko Shingoni mwa Punda

Lori lilisimama Chumbi jua likiwa limebaki kidogo tu, Muzdalifa akianua nguo. Alijua limemleta nani. Tangu juzi mumewe, Mshamu, alikuwa amemwambia kwamba punda wao wa kubebea maji na mpunga yuko njiani kutoka Kondoa, na kwamba yeye hataweza kumpokea. Mpunga ulikuwa umeiva, nguruwe hawana simile, na Mshamu alikuwa bondeni juu ya dungu, analinda shamba. Wa kupokea walikuwa Muzdalifa na wifi yake Zaitun, dada mkubwa wa Mshamu, waliyeishi naye ua mmoja.

Dereva alimshusha punda taratibu juu ya ubao, amemkumbatia kichwa, akimsemesha sikioni kwa Kirangi. Siku mbili mnyama yule alikuwa amesimama ndani ya lori. Miguu ilimtetemeka. Kamba ilikuwa imemchubua shingo, na jicho moja lilitoka machozi. Muzdalifa, mtoto wake Siti wa miezi saba mgongoni, aliona roho inamwuma. Naye aliletwa hivi hivi kutoka Mkongo, akashushwa mlangoni kwa watu asiowajua, akalala usiku wa kwanza macho kodo.

Dereva aliwaelekeza. Maji wampe kidogo kidogo, wasimwekee ndoo nzima. Majani yawe makavu. Na wampe kitu chenye harufu ya nyumba hii anuse, kwa sababu punda akishaijua harufu ya mtu, hampotei tena. Akakataa hata chai, akampapasa mnyama mgongoni mara ya mwisho, akaondoka.

"Mpe mbeleko ya Siti, wifi," Zaitun akasema.

Muzdalifa alisita. Mama yake alimfundisha kwamba mbeleko ya mtoto haiazimwi wala haiachwi nje jua likizama. Lakini hiyo ni kwa watu. Punda ni wa nyumbani, amechoka, na anayesema ni Zaitun.

Zaitun ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto siku zote arobaini. Ndiye aliyempikia uji wa pilipili manga, akamfulia nguo za uzazi bila kukunja uso, akamlaza Siti kifuani ili mama mtu apate usingizi. Na yeye mwenyewe ni mgonjwa. Miaka tisa ana pepo. Kila mwezi mwandamo huanguka, akazungumza kwa sauti ya mzee, nyumba ikajaa harufu ya ubani na matope ya mtoni. Walikuwa wakimfunika shuka na kungoja. Miaka tisa hiyo ilikuwa imempinda mgongo kama mwanamke wa miaka themanini.

Muzdalifa akaingia ndani, akamlaza Siti kitandani, akatoka na mbeleko. Akampa punda kwa mkono wake. Punda akavuta pumzi ndefu.

"Ahsante, mama Siti," Zaitun alisema kwa upole. "Kachote maji mengine, mimi nipo naye."

Kisima kilikuwa nyuma ya mnazi wa tatu. Aliporudi, adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha na giza limeanza kuingia uani.

Harufu ilimfikia kwanza.

Ubani. Na matope ya mtoni.

Akajua wifi yake ameanguka, akakaza mwendo, maji yakimmwagikia miguuni. Kwenye kona ya jiko akasimama.

Zaitun hakuwa ameanguka. Alikuwa amechutama mbele ya punda, mdomo sikioni mwake. Mbeleko ilikuwa imefungwa shingoni mwa mnyama, mafundo mawili.

"Mpande huyu," Zaitun alikuwa akinong'ona. "Atakufikisha kwa mwenye harufu hii. Ni mdogo... utakaa naye miaka mingi. Mimi niache nipumzike."

Ikajibu sauti ya mzee. Safari hii haikutoka kinywani mwa Zaitun.

"Yuko wapi?"

"Chumba cha mkono wa kulia. Kitandani."

Ndoo ikamponyoka Muzdalifa.

Zaitun akageuka, akainuka. Akanyooka wima. Muzdalifa hakuwahi kujua kama wifi yake ni mrefu kiasi kile. Alikuwa analia.

"Nisamehe. Fundi wa pepo alisema mtu hawezi kumkabidhi mtu pepo wake. Mpaka apitie kwa mnyama wa mbali, asiyejua njia ya kwao. Na nguo itolewe na mama mwenyewe, kwa mkono wake." Akafuta macho kwa kiganja. "Miaka tisa, wifi. Wewe bado msichana. Utazaa wengine."

Simu ikalia kwenye pindo la kanga. Mshamu. Muzdalifa aliipokea akitaka kulia, kumwambia njoo, kimbia. Mshamu hakusalimia.

"Mama Siti, punda ameshanusa nguo?"

Habari ya nguo hakuwa amemwambia mtu.

"Ameshanusa?" Mshamu akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeulizia homa.

Muzdalifa akaikata simu.

Kamba ya punda ikaanguka chini yenyewe. Mnyama akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Miguu haikutetemeka tena. Ndani, Siti aliyekuwa akigunaguna peke yake... akanyamaza.

Muzdalifa akaruka, akasimama kizingitini. Akaivuta mbeleko mpaka ikachanika, akaitupa. Punda hakusimama. Alikuwa ameshanusa. Pumzi yake ikampiga usoni, baridi, inanuka mto.

Ndipo akavua kanga aliyojitanda tangu alfajiri. Ilikuwa imelowa maziwa kifuani.

"Nusa vizuri," akanong'ona. "Huyu mtoto bado hana harufu yake. Aliyonayo ni ya maziwa yangu. Mwenye harufu hii ni mimi. Nakupa kwa mkono wangu."

Akamfunika pua.

Punda akavuta pumzi. Akavuta tena. Kisha akakunja magoti palepale mlangoni, akalala kama mnyama aliyefika kwao.

Zaitun alitazama yote. Akaenda chumbani kwake, mgongo umenyooka, akafunga mlango kwa komeo.

Muzdalifa alimchukua Siti, akamnyonyesha amekaa kizingitini. Mtoto alikuwa wa moto, mzima, anavuta kwa nguvu. Simu ikalia tena.

"Vipi?" Mshamu aliuliza.

"Punda ameshazoea."

Akamsikia mumewe akishusha pumzi. Halafu, kwa sauti iliyokauka, akauliza habari za mtoto.

"Amelala."

"Na dada?"

"Mzima. Amenyooka."

"Alhamdulillahi," Mshamu akasema, na kukata simu. Habari zake yeye hakuuliza.

Uani kulikuwa kimya. Kisha Muzdalifa akasikia kwato juu ya udongo mkavu. Ko... ko... ko... Zinazunguka nyumba bila haraka. Akamtazama punda. Punda alikuwa miguuni pake, amelala, kwato zote nne zimekunjwa.

Zile nyingine zikaingia kwa mlango wa nyuma na harufu ya ubani na matope ya mtoni, zikapita ukumbini.

Zikasimama mgongoni kwake.