Bwana Harusi wa Tiketi Mbili

Sogeeni, wenzangu, na mwenye mtoto anayejua kila kitu duniani amshike mkono aje naye.

Jumamosi moja asubuhi, kule Masaka, pembeni mwa jiji letu la Kigali, ua wa familia moja ulikuwa umetulia kama maziwa ndani ya kibuyu. Mahema mawili meupe yalitazamana, moja la wenyeji, moja la wageni. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, viti vimevalishwa vitambaa, kreti za Fanta zimepangwa kivulini. Nyuma ya nyumba ng'ombe wa posa walikuwa wakicheua bila wasiwasi wowote. Ng'ombe hana simu, ana wasiwasi wa nini?

Katika hema la wageni, mstari wa mbele, aliketi mama mmoja aitwaye Kabagwira. Huyu ni fundi cherehani wa soko la Kimironko, mjane, aliyekulia Bukoba na kurudi nyumbani akiwa mtu mzima, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka. Siku hiyo alikuja kumwombea mke mwanawe Shyaka. Shughuli hiyo sisi tunaiita gusaba. Wazee wa upande wa mume wanamwomba binti kwa maneno matamu, na wazee wa upande wa mke wanawatania, wanawatega, wanawadanganya kwa raha mpaka jua linachoka, ndipo wanakubali.

Binti mwenyewe, Mahoro, alikuwa ndani akivalishwa. Miaka yote Shyaka akiwa kazini Dubai, Mahoro ndiye aliyekuwa akimtunza Kabagwira. Kabagwira alipolazwa na malaria, nani alikuja na chupa ya uji? Mahoro. Cherehani ilipokatika mkanda, nani aliibeba mgongoni mpaka kwa fundi? Mahoro. Basi mama huyu alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu siku hiyo: jua lisizame kabla msichana huyo hajawa binti yake.

Kila kitu kilikuwepo, isipokuwa kiti kilichokuwa ubavuni mwake kilikuwa kitupu. Kiti cha bwana harusi.

Kitendawili! Nimeajiri wapiga makasia wawili wanivushe mto mmoja, na hao wawili hawasalimiani. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Musanze, nimekwenda, nimekula viazi, nimerudi. Jibu ni tiketi za Shyaka.

Mwezi mmoja nyuma kijana huyo alimpigia mama yake akicheka kama aliyeokota almasi.

"Mama, nimewapiga chenga! Watu wajinga wananunua tiketi moja kutoka huku mpaka Kigali. Mimi nimenunua mbili. Kampuni moja inanifikisha Nairobi, nyingine inanichukua pale Nairobi. Bei imeanguka chini kabisa."

"Na ile ya kwanza ikichelewa, mwanangu?"

"Haichelewi."

"Njoo basi Alhamisi, upumzike kidogo."

"Alhamisi nije kufanya nini, kuhesabu kuku? Natua Jumamosi ile ile asubuhi, natoka ndegeni moja kwa moja mpaka hemani. Watu waseme, huyo! Bado ana baridi ya mawinguni! Tena Kigali iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Nina saa ya bure."

Jamani, msikieni. Saa ya bure! Saa hiyo unaipata ukishakanyaga Kigali. Yeye aliihesabu Nairobi, mahali ambapo haipo, kama mtu anayekula leo ugali wa mahindi atakayopanda mwakani.

"Mimi sijui mambo ya ndege," Kabagwira alisema, "lakini moyo wangu hautulii."

"Mama, wewe umewahi kupanda ndege?"

Kabagwira akakiri. Hajawahi.

"Basi. Wewe kaa na cherehani yako."

Na kuhusu cherehani hiyo kuna neno. Kabagwira alikuwa amenunua kitambaa kizuri cha kijivu awashonee wasimamizi wa mwanawe suti, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Shyaka alikataa. Alisema watu watacheka wakiona harusi yake imevaa Kimironko. Suti zote angezileta yeye, ndani ya masanduku mawili makubwa. Mama akakikunja kitambaa, akakiweka juu ya kabati. Hakulia. Alikaa tu pale kwenye mashine bila kukanyaga pedali.

Turudi Masaka. Wageni wameketi, wasimamizi wa Shyaka wamepangwa mstari, mmoja na koti la bluu, mwingine na sweta, mwingine na shati la kazini lenye jina la kampuni ya rangi kifuani, maana suti zao ziko mawinguni. Wasichana wa upande wa pili wanawatazama na kufunika midomo.

Simu ya Kabagwira ikalia.

"Mama, nimetua. Niko uwanja wa ndege, hapa Kanombe, nangoja masanduku."

Kabagwira alishusha pumzi mpaka kitenge cha begani kikateleza. Akamnong'oneza Kabera, mzee waliyemchagua awe msemaji wao. Kabera akashika kipaza sauti kwa furaha, akatangaza kwamba kijana ameshafika Kanombe, ndege imemleta salama. Watu wakapiga makofi na Fanta zikafunguliwa.

Lakini kutoka Kanombe mpaka Masaka ni mwendo mfupi, hata kwa pikipiki yenye dereva mwoga. Fanta ziliisha. Zikaletwa nyingine. Kiti kikabaki kitupu. Kabagwira akapiga simu mwenyewe.

"Niko njiani, mama, niko njiani! Foleni!"

Nyuma ya sauti ya mwanawe mama akasikia sauti ya mwanamke kwenye spika, Kiswahili kilichonyooka: "Abiria wanaoelekea Kisumu..." Simu ikakatwa.

Kisumu? Kabagwira aliishika simu kama aliyeshika kaa la moto. Aliyajua matangazo ya Kigali tangu siku alipomsindikiza mwanawe, huwa kwa Kinyarwanda, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa. Na katika Rwanda nzima hakuna kilima kinachoitwa Kisumu. Mwanawe alikuwa Nairobi, na alikuwa anadanganya.

Upande wa pili akasimama Mutsinzi, baba mdogo wa Mahoro na msemaji wa wenyeji, mtu mwenye tumbo na maneno mengi.

"Wageni wetu, tunawahurumia," akasema. "Mmechelewa. Msichana mnayemtaka tumeshampa mwanamume mwingine, ana baiskeli mpya na meno yote."

Watu wakacheka. Utani huo ni wa desturi, hausikitishi mtu.

"Kijana wetu ni bora kuliko baiskeli," akajibu Kabera. "Ameshuka kwenye ndege, yuko hapa hapa mjini."

"Aaa, Kabera wewe ni msemaji, msemaji huruhusiwa kudanganya. Mimi nataka kusikia kwa aliyemzaa. Mama Shyaka! Tuambie mbele ya wazee hawa. Kijana yuko Kigali?"

Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka mapajani mwa Kabagwira. Kwa desturi alitakiwa aseme ndiyo, watu washangilie. Neno dogo tu. Angelisema, pengine angempata Mahoro. Alikitazama kiti kitupu. Aliwatazama wazee waliovaa makoti yao ya heshima. Akasimama.

"Mwanangu hayuko Kigali," akasema. "Yuko Nairobi. Ametudanganya wote."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko! Walidhani ni mchezo. Mutsinzi alijipiga paja. "Huyu mama anatushinda sote kwa utani!"

"Sitanii, shemeji."

"Endelea, endelea!"

"Nasema sitanii."

Sauti yake ilikatika, na kicheko nacho kikakatika, kwanza mbele, kisha nyuma, mwishowe hata wapishi wakanyamaza.

Mutsinzi akavuka uwanja. "Nipe simu hiyo, dada yangu." Akapiga, akaifungua sauti, akaiweka mbele ya kipaza sauti.

"Shyaka, mwanangu. Uko wapi?"

"Mzee wangu! Niko hapa mjini, Gisimenti, naona mataa kabisa. Dakika tano tu!"

Na spika ya nyuma yake nayo ikasema, mahema yote mawili yakisikia: "Huu ni wito wa mwisho kwa abiria wa Kisumu."

"Kumbe!" akasema Mutsinzi polepole. "Siku hizi Kisumu inapandiwa Gisimenti."

Hakuna aliyecheka. Shyaka akasema "halo, halo, mtandao mbaya," akakata.

Yaliyomkuta huko Nairobi tuliyajua baadaye. Ndege ya kwanza ilichelewa kidogo tu, kuchelewa kwa kawaida. Angekuwa na tiketi moja, masanduku yangepita yenyewe ndani kwa ndani, na hata akiachwa, kampuni ingemtafutia ndege nyingine. Lakini kampuni ya pili haikujua kama kuna mtu anayeitwa Shyaka anakuja kutoka Dubai. Ilimhusu nini? Basi ikabidi apange mstari wa uhamiaji, atoke, asimame kwenye mkanda wa mizigo kungoja yale masanduku ya suti, kisha akimbie nayo mpaka kaunta ya pili kujiandikisha upya. Abiria wengine waliokuja na begi la mkononi walimpita wakiwahi ndege ile ile. Yeye alisimama akitazama mkanda ukizunguka mtupu. Alipofika kaunta, ilikuwa imefungwa. Akamwambia binti wa pale, "Unajua mimi ni bwana harusi?" Binti akamwambia, "Hongera. Ndege imefungwa." Akabaki hana ndege ila mdomo, akautumia huo.

Mahoro alitoka ndani bila kuitwa. Alikuwa amevaa mshanana, vazi letu la sherehe, wa rangi ya dhahabu, shanga kichwani, mzuri mpaka unaumia kumwangalia. Akaja mpaka mbele ya Kabagwira na kupiga magoti.

"Mama, pole."

"Nisamehe, mwanangu. Labda tungoje. Atapata ndege ya jioni." Kabagwira alisema hivyo huku akijua mwenyewe kwamba anaomba kwa mkono uliokatika.

"Angesema amekwama Nairobi ningemngoja, mama. Ningemngoja hata mwezi. Mtu kukwama si dhambi. Lakini alijua wewe ndiye utakayesimama mbele ya watu kuuapia uongo wake, akakuachia. Leo ni wewe. Kesho ni mimi, keshokutwa ni watoto wangu."

Akainuka, akamtazama baba yake mdogo na kutikisa kichwa. Mutsinzi akakirudisha kipaza sauti mdomoni, na safari hii utani ulikuwa umemtoka wote.

"Wageni wetu, nilisema msichana tumempa mwingine. Ule ulikuwa mchezo. Sasa nasema kwa kweli: hatujampa mtu, na kwa kijana huyu hatutampa. Ng'ombe wenu mtarudi nao. Lakini chakula kimeiva, na aliyetuambia ukweli hatoki kwetu na njaa."

Shyaka alifika jua likielekea kuzama, kwa tiketi ya tatu aliyoinunua kwa bei ya kulia. Alishuka kwenye teksi na miwani ya giza, suti inang'aa, masanduku mawili. Alijitahidi atembee kama alivyokuwa ameota, kifua mbele. Vijana walikuwa wanakunja mahema. Mmoja akamwomba asogee, amekanyaga kamba.

Akamkuta mama yake uani, ameketi na Mahoro na shangazi zake, sahani ya isombe, kisamvu chetu, na ndizi mapajani.

"Mama! Umewaambia nini watu hawa? Ile kampuni ndiyo yenye makosa! Mahoro, sikiliza..."

Mahoro aliendelea kuchambua mchele wa kesho.

"Nyanyuka, mama, twende nyumbani," Shyaka akasema.

Kabagwira aliramba kidole, akamtazama mwanawe kuanzia miwani mpaka viatu. Machozi yalikuwa yameisha mchana.

"Mimi nimealikwa kula," akasema. "Wewe umealikwa?"

MAFUNZO

Enyi vijana mnaosafiri, tiketi mbili zisizojuana si akili, ni kamari. Mtu akiicheza kwa safari ya matembezi, shauri yake. Lakini ukiwa unaitwa na harusi, msiba, mgonjwa au mtihani, nunua tiketi moja inayokubeba mpaka mwisho. Ukishindwa bei, njoo siku mbili kabla, ulale, ule, uhesabu hao kuku. Hakuna aliyekufa kwa kuhesabu kuku.

Ila msidhani namdharau Shyaka kwa ajili ya ndege. Ndege huwaacha hata watu wema. Namdharau kwa sababu alimwona mama yake mjinga alipotoa shauri, akamwona mwerevu wa kutosha kumbebea uongo. Ujuaji ndivyo ulivyo. Hukataza kuuliza kabla ya safari, na ukishakuangusha hukataza kusema umeanguka.

Ukikwama, sema umekwama. Mwenye kukupenda atangoja. Na mzazi aliyekulea, hata kama hajawahi kupanda ndege, usimfanye ngazi ya kupandia sifa zako, maana siku atakayojitoa hapo utagundua ulikuwa juu sana, na chini ni mawe.