Simu Kutoka Dakar

Siku za likizo Soipan aliamka mapema, akamfuata mama yake hadi kwenye duka lao la maziwa mjini Kitengela, akaanza kusugua mitungi. Maziwa yaliletwa kwa pikipiki kutoka Isinya. Mama yake, Rebecca, hakupokea mtungi hata mmoja kabla ya kuyapima, maana alikwisha kuuziwa maji mara mbili na watu waliomchekea.

Agosti ile dada mkubwa wa Soipan, Seleyian, alikuwa nyumbani. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea mambo ya mifugo na maziwa, na alikuwa na habari moja tu midomoni. Chuo chake kilipatana na chuo kikuu kimoja cha Dakar, nchini Senegal. Wanafunzi wachache wangesoma huko muhula mmoja kwa Kifaransa, kisha wafanye mafunzo ya kazi katika kiwanda cha maziwa. Seleyian alikuwa ameomba nafasi.

"Kakenya pia aliambiwa maneno matamu," mama yao alimjibu.

Kakenya alikuwa binamu yao. Miaka miwili iliyopita aliahidiwa kazi ya hoteli ng'ambo. Alipofika alinyang'anywa pasipoti, akatumikishwa jikoni mwa watu miezi minane bila kutoka nje. Alirudi amekonda, na mpaka sasa hakuweza kukaa chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Soipan alimpenda sana Kakenya, na hakutaka dada yake yampate yale yale. Akaanza kumchunguza. Aliona kwamba simu zikiingia, Seleyian hukimbilia nyuma ya tangi la maji na kuongea kwa sauti ya chini. Aliona ametoa nakala ya pasipoti yake. Aliichungulia barua iliyotoka Dakar na hakuona muhuri. Kila alichokiona kilizidi kumtia wasiwasi, lakini hakumuuliza mtu.

Alhamisi moja, Seleyian aliacha simu yake dukani ikichajiwa, akaenda kuoga. Mama alikuwa nje akiongea na mteja. Simu ikaita. Nambari ilikuwa ndefu, ya nchi nyingine. Soipan akaipokea.

Mwanamume alisema maneno ya haraka kwa Kifaransa, kisha akauliza kwa Kiingereza kama huyo ni Seleyian.

Soipan aliutupia jicho mlango. Akajibu kwa Kiingereza cha darasani, "Ndiyo. Sitaki tena kuja. Usinipigie."

Mtu yule akauliza kama ana hakika. Soipan akasema ana hakika, akakata simu. Aliizuia nambari ile isipige tena, akafuta alama ya simu iliyoingia. Alirudi kwenye mitungi akijiona amemwokoa dada yake.

Saa nane mchana Seleyian alivaa blauzi iliyopigwa pasi, akaketi mbele ya simu kungoja mahojiano aliyoahidiwa na chuo cha Dakar. Akangoja mpaka saa kumi na moja. Hakuna aliyepiga.

Kesho yake barua pepe ilifika. Seleyian aliisoma akiwa amesimama, halafu akaisoma tena.

"Wanasema nimekataa kwa simu, na nafasi yangu ya Oktoba wamempa mwingine," alisema. "Mimi sijakataa." Akamgeukia mama yake. "Yeyo, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Ulichukua simu yangu? Wewe ndiye hukutaka niende."

"Seleyian, kama ningetaka kukukataza, ningekukataza mbele ya macho yako."

"Sasa ni nani?"

Seleyian hakumwamini mama yake. Siku hiyo walikula bila kusemezana. Tumaini la Soipan lilikuwa moja tu: barua ile isiyo na muhuri iwe ya uongo kweli, ili kosa lake ligeuke kuwa jambo jema.

Jumamosi aliichukua barua ile akaenda kwa Mwalimu Ndambuki, aliyewafundisha Kifaransa shuleni na kuishi jirani nao.

"Mwalimu, hawa si matapeli?"

Mwalimu alisoma polepole. "Kifaransa chake ni safi. Lakini hata tapeli anaweza kuandika vizuri."

"Nambari iko hapo chini. Utawapigia?"

"Hiyo sitaipiga. Anayeandika barua ya uongo huandika pia nambari ya uongo. Tutauliza kwingine."

Akatafuta nambari ya chuo cha Seleyian mwenyewe, akaomba ofisi inayoshughulikia wanafunzi wanaokwenda nje, ambayo Jumamosi hufunguliwa hadi saa sita. Mwanamke aliyepokea alimjua Seleyian kwa jina. Mpango ulikuwa wa kweli, na wanafunzi wawili walikwisha kwenda na kurudi salama. Walichoshangaa ofisini ni kwamba Seleyian amekataa.

Mwalimu alipoweka simu chini, Soipan alikuwa analia. Akamweleza yote.

"Umenieleza mimi," Mwalimu alisema, "lakini waliogombana ni mama yako na dada yako."

Soipan aliwakuta dukani, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. "Ni mimi," alisema. "Nilipokea simu. Nikasema mimi ni Seleyian, nikakataa."

Mama aliketi juu ya kreti. Seleyian alimsogelea mdogo wake.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unajificha nyuma ya tangi. Nilifikiri watakufanya kama Kakenya."

"Nilijificha kwa sababu Kifaransa changu bado kibovu," Seleyian alisema. "Niliona aibu." Kisha akamgeukia mama yake. "Nisamehe, Yeyo."

Jumatatu, Soipan aliifungulia nambari aliyoizuia mbele yao, akapiga mwenyewe. Alimwomba radhi mtu wa Dakar, Bwana Faye, kwa maneno machache ya Kifaransa aliyoyajua, akamalizia kwa Kiingereza. Bwana Faye alisema nafasi ya Oktoba haiwezi kurudi, lakini angemhoji Seleyian kwa nafasi ya Februari.

Mama naye akataka simu. Seleyian akitafsiri, aliuliza pasipoti itashikwa na nani, binti atalala wapi, na nani atamjulisha akiugua. Bwana Faye alijibu moja baada ya jingine, akaongeza kwamba yeye pia ana binti, na angeuliza hivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili habari njema ikaja: Seleyian amepita, ataondoka Februari.

Jioni hiyo mama aliwaketisha binti zake. "Soipan, hukukosea kuwa na shaka," alisema. "Dunia ina watu wabaya, Kakenya aliwaona. Ulikosea ulipoifanya shaka kuwa ushahidi, ukasema uongo kwa jina la mwenzako. Na mimi nilikosea. Niliwafundisha kuogopa, sikuwafundisha kuuliza. Ukiwa na shaka, uliza wazi, uliza anayejua, na ungoje ujibiwe kabla hujatenda."

"Nimesikia, Yeyo."

Seleyian alikuwa bado na kinyongo kidogo, kwa kuwa miezi minne zaidi ya kungoja si kitu rahisi. Lakini alifungua daftari lake la Kifaransa, akamsogezea mdogo wake.

"Nisomee maneno haya, niyarudie," alisema. "Nikikosea, niambie."