Sahani ya Quincy

Kila siku alasiri basi la shule lilimshusha Renita kwenye kona ya mtaa wa bibi yake, mjini Macon katika jimbo la Georgia. Renita alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Akishafika alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaingia jikoni kumsaidia Bibi Ernestine kupika chakula cha jioni. Kupika alikujua. Wali wake haukushika chini, na mkate wake wa mahindi uliumuka vizuri hata mjomba wake Lamont, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliwahi kuomba kipande cha kwenda nacho kazini.

Tangu mwezi wa Agosti kulikuwa na mtu mmoja mezani ambaye hakuvutwa na upishi wa Renita hata kidogo. Huyo alikuwa Quincy, binamu yake mwenye miaka saba. Mama yake Quincy, ambaye Renita alimwita mama mdogo Yolanda, alikuwa mwanajeshi, na kazi ilikuwa imempeleka Korea kwa mwaka mzima. Kwa hiyo Quincy alihamia kwa Bibi na sanduku moja la nguo na orodha fupi sana ya vyakula.

Alikula mkate mweupe uliokatwa kingo, wali mtupu, makaroni ya jibini, tufaha lililomenywa, na mnofu wa kuku usio na ngozi. Basi. Na vyakula hivyo havikutakiwa kugusana. Tone la mchuzi likidondokea wali, sahani nzima ilirudi jikoni.

"Onja sukuma wiki kidogo tu, baba," Bibi alimwambia mara kwa mara.

"Hapana, Bibi. Asante," Quincy alijibu kwa adabu, na hapo mazungumzo yakaisha.

Sikukuu ya Shukrani, ile ya kila Novemba ambapo familia hula bata mzinga pamoja, ilipokaribia, Bibi alimpeleka kliniki. Daktari alimpima uzito, akaona umepungua tangu majira ya joto. Alisema hakuna hatari kubwa kwa sasa, lakini asiachwe aendelee kupungua. Aongezewe aina za chakula, polepole, bila kulazimishwa.

Bibi alipowasimulia nyumbani, Renita alisikia yote isipokuwa yale maneno ya mwisho.

"Mniachie mimi," alisema. "Mimi nitamlisha."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Renita alichemsha boga, akalisaga kwenye blenda mpaka likawa laini kama uji, akalichanganya na jibini iliyoyeyuka. Rangi zilifanana kabisa. Alimwaga mchanganyiko huo juu ya makaroni, akampelekea Quincy mezani. Desmond, mtoto wa mjomba Lamont, naye alikuwepo, amekaa anatafuna mkate.

Quincy aliinamia sahani, akanusa. "Kuna nini humu?"

"Jibini, maziwa na siagi," Renita alisema. "Kama siku zote."

Quincy alikula. Alimaliza, akaomba nyingine. Renita alimtazama akikwangua sahani ya pili, na furaha ikamzidi.

"Unajua umekula nini?" alimwuliza. "Boga. Umekula sahani mbili za boga, na hukufa."

Desmond alipiga meza kwa kiganja, akacheka. "Kwisha habari yako, bwana mdogo. Umeingizwa mjini."

Quincy aliweka uma chini. Hakulia. "Ulisema jibini," alisema.

"Na jibini imo."

"Ulisema jibini tu." Alisukuma sahani, akashuka kwenye kiti, akaenda chumbani.

Asubuhi yake alikataa makaroni. Alipopewa mkate aliufunua, akautazama ndani, akaurudisha. Aliuliza maziwa yametoka kwenye chupa gani, na alipoonyeshwa chupa akataka kujua nani aliifungua. Kufikia Jumanne alikuwa anakula tufaha tu, tena lile alilolishuhudia likimenywa mbele ya macho yake. Shuleni mwalimu wake alipiga simu kuuliza kama mtoto anaumwa.

Jioni hiyo Bibi alimwita Renita jikoni, akamvutia kiti. Hakupandisha sauti.

"Nilitaka apate nguvu, Bibi," Renita alianza kujitetea.

"Najua. Ndiyo maana sikugombezi. Lakini hebu mfikirie. Mama yake yuko mbali. Kitanda anacholalia si chake, shule ni ngeni, mtaa ni mgeni. Kitu kimoja tu alikuwa na hakika nacho, nacho ni kilichomo kwenye sahani yake. Sasa hata hicho umemnyang'anya. Halafu ukamcheka mbele ya Desmond."

Renita aliangalia mikono yake. Mpaka dakika hiyo alikuwa akijiona kama mtu aliyetenda wema akakosa kushukuriwa.

"Nifanyeje sasa?"

"Kaongee naye. Na ukifika huko, usijitetee."

Quincy alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, amevaa koti, anapanga majani makavu kwa ukubwa. Renita alikaa ngazi moja chini yake.

"Nilikudanganya," alisema. "Uliniuliza kilichomo, nikakuficha. Samahani, Quincy."

Quincy aliendelea kupanga majani. "Utafanya tena?"

"Sitafanya."

"Hata daktari akikwambia?"

"Hata daktari akiniambia."

"Sikuamini," Quincy alisema, bila hasira.

"Najua."

Kisha Renita akamwuliza swali ambalo tangu Agosti hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. "Kwani boga lina ubaya gani?"

"Si boga. Ni vitu vinavyokuwa tope. Vikiingia mdomoni vinakuwa tope, nataka kutapika."

"Na makaroni je? Si ni laini?"

Quincy alifikiri. "Makaroni yana umbo. Nikiyatafuna najua yalipo."

Renita alianza kuvihesabu kichwani vyakula ambavyo familia yao ilipika kila mwaka kumsindikiza bata mzinga. Viazi vya kuponda. Viazi vitamu vilivyopondwa na sukari. Maharagwe machanga ya kijani yaliyopikwa mpaka yanalala. Sukuma wiki iliyokaa motoni tangu asubuhi. Mkate uliolowekwa kwenye mchuzi. Karibu kila kitu kilikuwa tope.

"Na kama kingekuwa kigumu kidogo?" aliuliza. "Kama tungekipika mimi na wewe, ukaona kila kinachoingia?"

"Nikionja nikachukia?"

"Unatema."

"Kweli?"

"Nitakupa kitambaa cha kutemea."

Jumatano hapakuwa na shule. Bibi aliwaachia nusu ya meza ya jikoni, yeye akabaki na nusu yake akikanda unga. Quincy aliosha maharagwe, kisha akafundishwa kukata ncha zake kwa vidole. Kila haragwe lililia katika vidole vyake, naye akapenda sauti ile, akavunja hata yale ambayo hayakuhitaji kuvunjwa. Renita alikata karoti mbichi, na Quincy akazipanga zote zielekee upande mmoja. Walijaribu kuoka kipande kimoja cha kiazi kitamu kilichokatwa kama kidole, chenye mafuta na chumvi tu. Kilitoka kimekauka pembeni. Quincy alikigeuza, akakinusa, akakilamba, akakirudisha kwenye sahani.

"Kesho," alisema.

"Sawa," Renita alisema, ingawa moyoni alitamani kumbembeleza.

Alhamisi nyumba ilijaa watu. Mama yake Renita alileta mikate, mjomba Lamont akaja na Desmond, na majirani wawili wakaja na keki ya njugu. Bata mzinga alikuwa amekwisha kuiva, amefunikwa, anasubiri. Renita alipofungua oveni kutoa trei ya viazi vitamu, aliona madoadoa mekundu na meusi juu yake.

"Nani amegusa hivi?"

"Nimekusaidia," mjomba Lamont alisema kutoka mlangoni. "Vilikuwa vitupu kama maji. Nimenyunyiza pilipili na kitunguu saumu cha unga."

"Mjomba, hivi ni vya Quincy."

Mjomba alijikuna shingo. "Basi samahani. Lakini ni kidogo sana, hata havionekani vizuri. Vikung'ute, umpe. Akila amekula. Wewe nyamaza tu."

Renita alisimama na trei mkononi. Quincy alikuwa ghorofani akivaa shati. Watu walikuwa wanavuta viti. Mikate ya mama yake ilikuwa inangoja zamu ya oveni. Angeweza kuvipangusa kwa kitambaa, na huenda Quincy asingehisi chochote. Kama angehisi, mjomba ndiye aliyenyunyiza. Na mwishowe mtoto angekuwa amekula, jambo ambalo kila mtu katika nyumba ile alilitaka.

Aliweka trei chini, akapanda ngazi.

"Quincy, viazi vimetiwa pilipili na kitunguu saumu. Sikutia mimi, lakini vimo."

Quincy alimwangalia. "Nyingi?"

"Kidogo."

"Ungeweza kutoniambia."

"Ningeweza."

Quincy alimaliza kufunga kifungo cha shati. "Kimebaki kiazi kingine?"

Kilikuwa kimebaki kimoja. Walishuka wote wawili, Renita akamenya na kukata, Quincy akatia mafuta na chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Bibi aliona kinachoendelea, akaisogeza mikate kando bila kuuliza.

"Mama, bata mzinga atapoa," mjomba Lamont alisema.

"Bata mzinga hana haraka tena, Lamont. Na aliyetuchelewesha ni wewe na pilipili yako. Kaa chini."

Wakangoja. Hakuna aliyekufa njaa. Wageni walipiga soga, na Desmond akachungulia oveni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Walipokaa mezani, Quincy alikuwa na trei ya kuokea keki ndogo badala ya sahani. Kila kitu kilikaa kwenye shimo lake: kuku, karoti, maharagwe, viazi vitamu. Aliomba maziwa, akanywa. Alikula kuku. Kisha akachukua kipande kimoja cha kiazi, akakiuma nchani.

Renita alikiona, akageuza macho upesi kwenye sahani yake. Desmond alifungua mdomo kusema neno. Renita akamsogezea bakuli la mchuzi mpaka likamgusa kifuani, akamkazia jicho. Desmond akaufunga.

Quincy alitafuna polepole. Akauma tena. Alimaliza kipande hicho, akachukua kingine, halafu haragwe moja. Hakuna aliyepiga makofi. Baadaye kidogo alinyoosha kidole kwenye bakuli lililokuwa mbele ya mjomba.

"Hivyo ndivyo vya pilipili?"

"Ndivyo," Renita alisema.

Alichukua kimoja, akauma, uso ukamkunjamana, akatema kwenye kitambaa chake. "Kibaya," alisema.

Mjomba Lamont ndiye aliyetangulia kucheka. "Angalau umeonja upishi wangu kabla ya kuutukana. Wengine hapa hawauonji kabisa."

Bibi Ernestine alikuwa na desturi yake. Shukrani zilisemwa baada ya kula, kwa sababu, alisema, mtu mwenye njaa hushukuru harakaharaka huku macho yakiwa kwenye nyama. Kila mmoja akasema lake. Mama yake Renita alishukuru kwa afya. Mjomba alishukuru kwa kazi mpya. Desmond alishukuru kwa keki, akaambiwa aseme jingine, akashukuru kwa baba yake.

Zamu ya Quincy ilipofika, aliinama. "Nashukuru kwa ajili ya Mama. Na nashukuru kwamba Renita alipanda juu kuniambia."

Wageni hawakuelewa. Mjomba Lamont alielewa, akaangalia mikono yake. Zamu ya Renita ilipofika, alimwomba Bibi amruke, amrudie mwishoni.

Usiku kwao ni asubuhi kule Korea. Mama mdogo Yolanda alipopiga simu, Quincy alimtajia kila alichokula, kwa mpangilio wa mashimo ya trei, na hata kile alichokitema. Kisha mama yake akaomba apewe Renita.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia. "Huku niliko, kula kwake ndiko kunakoninyima usingizi."

Simu ilipokatika, Renita alienda jikoni kufuta vyombo. Bibi alikuwa anasuuza masufuria.

"Amekula vipande vinne tu," Renita alisema. "Jumapili alikula sahani mbili nzima."

"Jumapili alikula boga lako," Bibi alisema. "Leo amekula kwa hiari yake, na kesho atakula tena." Alizima bomba, akamgeukia. "Mtu anapokula ulichompikia, Renita, anatia mwilini kitu asichojua kilivyotengenezwa. Anakuamini. Hata kama unamtakia mema, usiitumie imani hiyo kumdanganya. Mwambie kweli, ungoje. Mema yanayotaka uongo ili yafike, subiri mpaka upate njia nyingine ya kuyafikisha. Leo uliipata, na ulikuwa peke yako bila mtu wa kukusimamia. Mimi nashukuru kwa hilo kuliko kwa bata mzinga."

Kabla ya Renita kujibu, Quincy alitokea mlangoni na shati limechomoka.

"Kesho tutapika nini?" aliuliza.

"Sijui bado," Renita alisema. "Njoo tufungue friji, tuangalie wote."