Maji ya Kujaribia Bomba

Mama Bonheur alinipigia simu mara tatu siku hiyo, na mara zote tatu nilimwambia niko njiani na mashine yake ya kukausha hewa. Nilimaliza kazi Golden Valley, nikapita kwenye foleni ya magari, nikafika kwake Savage, mji mwingine hapa Minnesota, saa mbili kasoro. Jua la Julai lilikuwa bado halijazama na hewa ilinata shingoni. Ilikuwa mwaka 2016. Mimi ni fundi wa mitambo ya joto na hewa. Mchana nafanya kazi ya kampuni, jioni nasaidia watu wa kanisa letu, na watu wa kanisa letu hawaishiwi na shida.

Shida ya nyumba hii haikuwa ya mzaha. Bonheur, msichana wa miaka sita, alikuwa na pumu. Mwezi huo alikuwa amelazwa mara mbili. Daktari alimwambia mama yake bila kuzunguka: nyumba ina unyevu, kuvu imejaa ukutani, ikauke haraka au mtoto hatauona mwaka mwingine.

Nilimkuta mtoto mwenyewe mlangoni, amekumbatia mdoli, kifua kinapiga filimbi.

"Na shikamoo yangu iko wapi?" nikamtania.

"Is it gonna be loud?" akauliza. Kama watoto wengi wa huku, Kiswahili anakisikia, ila jibu lake ni Kiingereza.

"Kelele kidogo tu, kama friji."

Mama yake akanivuta pembeni. "Papa Wanjala, fanya mbio," akanong'ona. "Koko iko kanisani. Hapendi hii mashine. Anasema nyumba haifae kukauka."

"Kwa nini?"

"Mambo ya wazee."

Koko, yaani bibi, alikuwa mama mzazi wa Mama Bonheur, Générose, aliyekuwa akilala besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kwa kupenda mwenyewe. Nikashuka huko na mashine begani. Kipima unyevu kikasoma asilimia themanini na nane. Harufu ikanipokea... haikuwa ya kuvu. Ilikuwa ya dagaa wabichi.

Nikafanya kazi. Mashine ile hukausha hewa ya nyumba nzima. Inavuta hewa yenye unyevu, inatoa maji, halafu inarudisha hewa kavu kwenye mabomba mpaka kila chumba. Nikaiunganisha, nikapeleka mpira wake wa kutolea maji kwenye tundu la maji sakafuni. Ikabaki sheria moja ya ufundi: kabla ya kuwasha, unamimina maji kwenye trei ya mashine uone kama yanateremka mpaka tunduni.

Bomba la maji lilikuwa juu jikoni. Nami nilikuwa nimechoka.

Nyuma ya tangi la maji ya moto niliona beseni limefunikwa kitenge. Limejaa pomoni. Nikacheka peke yangu: watu wanalia na unyevu, kumbe wanaufuga! Nilipotumbukiza kidole, maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mfupa, katika joto lile.

Nikayamimina yote.

Yaliteremka vizuri. Lakini hayakutoa mlio wa maji. Yalitoa mlio wa mtu anayevuta pumzi...

Nikajikaripia, fundi mzima unaogopa bomba? Nikawasha.

Hewa kavu ikapanda ndani ya mabomba. Kupitia mabomba hayohayo nilisikia filimbi ya kifua cha Bonheur kule juu. Fii... fii... fii...

Ikakatika.

Nikapanda ngazi mbili mbili. Bonheur alikuwa amesimama juu ya tundu la hewa la sebuleni, gauni limejaa upepo. Alikuwa anapumua. Kifua kimetulia kabisa. Mama yake ameinua mikono, machozi yanamtoka. "Aksanti Yesu! Aksanti!"

Ndipo nikaona nywele za mtoto. Zilikuwa zinadondosha maji.

Akageuka akamtazama mama yake.

"Mudogo yangu," akasema, kwa Kiswahili safi cha Bukavu, mji wa kwao, "juu ya nini unalia?"

Mlango ukafunguliwa. Koko aliingia na Biblia kwapani. Akamtazama mjukuu wake, Biblia ikamponyoka. Kisha akanigeukia mimi.

"Mayi yangu. Uliimwanga wapi?"

Nikaonyesha chini.

Akakaa pale pale sakafuni. Akasimulia polepole, macho yake yakiwa kwa mtoto. Mwaka wa tisini na sita walikimbia vita, wakivuka ziwa kwa mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Ulipopinduka, alishika watoto wake wawili. Mdogo, Mama Bonheur huyu, alibaki mkononi. Mkubwa, Pascasie, alikuwa na miaka saba. Huyo, Koko alimwachilia. Mwili haukuonekana.

"Mutu wa mayi hana kaburi," akasema. "Kaburi yake ni mayi."

Alichota maji ya ziwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Alikaa nayo kambi ya wakimbizi miaka kumi na tano, akaja nayo Amerika, akayamimina kwenye beseni lile. Kila jioni aliongeza maji kidogo kwenye beseni, lisikauke.

"Umemwanga kaburi ya mutoto wangu," akaniambia. Hakuwa na hasira. Akafungua mikono. "Pascasie?"

"Mama," mtoto akaitikia, akaenda kukumbatiwa.

"Zima!" Mama Bonheur akanipigia kelele. "Zima hii kitu!"

Nikakimbia chini, nikazima. Papo hapo nikasikia juu mtu anakabwa, anatapika maji... kisha mama yuleyule, sauti imepasuka:

"Washa! Papa, washa! Anakufa!"

Nikawasha.

Tangu siku hiyo mtoto hajalazwa hata mara moja, na daktari anajisifu. Mashine haijawahi kupumzika. Hata Januari, hewa ikiwa kavu mpaka midomo inapasuka na hakuna mtu Minnesota anayekausha nyumba, ile inanguruma. Mimi hubadilisha chujio lake kila baada ya miezi sita. Naogopa kwenda, naogopa zaidi kutokwenda.

Mara ya mwisho ilikuwa Februari 2019. Juu, mtoto alikuwa anamwimbia Koko wimbo wa kwao. Mimi nilipiga magoti kando ya tundu la sakafuni. Maji yalikuwa yanadondoka humo, to... to... to... ingawa mpira wa mashine ulikuwa mkavu. Nikainama kutazama.

Fii... fii...

"Mister?" Sauti ndogo, kutoka chini kabisa ya tundu. "Can you make it stop? It's so loud."

Nikatazama swichi. Mkono wangu ulifika, ukagusa. Juu, wimbo ukanyamaza, kama anayeimba amejua. Nikauondoa mkono. Nikarudisha kifuniko cha chujio, nikakusanya vyombo.

Mama Bonheur alikuwa ananingoja juu ya ngazi. Amekonda sana siku hizi.

"Kule chini, leo alisema kitu?" akanong'ona.

Nikamwambia hapana.