Fungu la Kumi na Tisa

Kwenye skrini, alama ya fungu la kumi na tisa ilipepesa, ingawa fungu lenyewe halikuwako. Fundi mkuu wa kompyuta za hospitali aliiona, akajifanya hakuiona.

Kompyuta zote za jengo zilitunza mambo yao katika kabati moja la diski, kila moja ikikatiwa fungu lake. Nyaya zilizoziunga na kabati zilikuwa za kazi hiyo tu. Hazikutoka nje, na mgeni hakuwa na pa kuingilia. Hata hivyo fungu lile lilikuwa likisomwa. Mwaka uliopita alilifuta yeye akidhani ni tupu, kumbe lilijaa picha za vifua na mifupa ya wagonjwa. Lawama alimwachia mwenzake wa miaka mingi, waliyemwita Kidevu. Kidevu alifukuzwa, akakaa nyumbani miezi minne, akafa. Baada ya msiba fundi alimtafutia binti wa marehemu kazi katika jengo la pili, ng'ambo ya mji, lililopokea papo hapo nakala ya kila kilichoandikwa katika kabati hili. Binti alimshukuru mpaka akamwita baba mdogo.

Adhuhuri chumba kilinuka udongo uliochimbuliwa. Diski zikaanza kukwaruza, polepole, kama kucha za mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda, na kila mara fundi alipoinama kusikiliza moja, sauti ilihamia nyingine, ikanyamaza, ikakwaruza tena, mpaka akahisi inapekua ndani ya kifua chake mwenyewe.

Siku ya tatu alimleta mjomba wa mkewe, mganga. Mzee aliweka kiganja juu ya kabati, akakiondoa upesi.

"Huyu ana haki yake, mwanangu," alinong'ona. "Sema ulichomfanyia."

"Sikumfanyia kitu, mzee."

Mganga alikunja mikono ya kanzu yake. "Basi nitamtoa. Lakini kumtoa si kumpeleka kwao."

Alisoma dua, akapuliza mara tatu. Alama ikazimika, harufu ikakatika, na fundi akashusha pumzi.

Simu ikalia. Alikuwa binti wa Kidevu, kutoka jengo la pili, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu asiyetaka kusikiwa na aliye nyuma yake.

"Baba mdogo, huku kunanuka udongo. Baba amekaa kwenye kiti changu. Anauliza kama umeshaniambia."