Kadi ya Launji na Miguu ya Bibi

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Hakimu alileta kigoda, akaweka mto juu yake, kisha akainua miguu ya bibi yake mmoja mmoja na kuilaza hapo. Bibi hakushukuru hata siku moja. Alilalamika kwamba mto ni mgumu, kwamba kigoda ni kifupi, kwamba mjukuu ana mikono ya baridi. Hakimu hakujali. Alikuwepo siku daktari aliposema kwamba goti la Bibi litapasuliwa tu ikiwa miguu haijavimba. Ikifika hospitali kuu imevimba, upasuaji ungeahirishwa, na foleni ya kupata nafasi nyingine ilikuwa ndefu mno. Bibi alikuwa ameshona nguo maisha yake yote, na goti lilichakaa kwa kukanyaga cherehani. Sasa hakuweza kwenda chooni bila kushikwa mkono, na aibu hiyo ilimuuma kuliko goti lenyewe.

Hakimu si jina alilopewa na wazazi wake. Mjomba wake ndiye aliyemwita hivyo kwa kejeli, kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na tatu hakuchoka kuuliza maswali. "Ukimwambia jua linawaka, anataka shahidi," Mjomba alikuwa akisema.

Huyo Mjomba naye mtaani aliitwa Bosi, ingawa hakuwahi kuajiri hata paka. Alikuwa dalali wa nyumba. Udalali ni kazi kama kazi nyingine, na wapo madalali waungwana, lakini yeye hakuwa mmoja wao. Alimpeleka mpangaji kuona nyumba saa ile ambayo bomba linatoa maji. Alimwonyesha geti lililopakwa rangi na sebule yenye pazia jipya, kisha akasimama kwenye mlango wa choo akipiga soga hadi mgeni asahau kuuliza kuna nini nyuma yake. Mpangaji aligundua ukuta umeoza akiwa ameshahamia. Mjomba aliona huo ndio werevu. Alivaa suti siku za joto kali, na popote alipokwenda alibeba mkoba mgumu mweusi ambao ndani yake mlikuwa na chaja ya simu na kitana.

Bahati mbaya, huyo ndiye aliyepatikana kumsindikiza Bibi. Ndugu walikaa kikao, wakachanga pesa ya matumizi ya safari, lakini wengi wakasema hawana ruhusa kazini. Mjomba alikuwa mtoto wa kiume wa Bibi, na muda alikuwa nao tele. Hakimu, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, angekwenda pamoja nao. Wangepanda ndege moja, washuke kwenye uwanja mkubwa, wangoje hapo karibu mchana kutwa, kisha wapande ndege nyingine.

"Huko kungoja ndiko kunakonitia hofu," alisema mama yake Hakimu. "Mama akikaa na miguu inaning'inia kutwa nzima, itafika imevimba kama mito."

"Dada, ondoa shaka," Mjomba alisema, akachomoa simu mfukoni. "Nanunua kadi za launji sasa hivi. Sisi si watu wa kukaa kwenye viti vya chuma na kila mpita njia."

Launji ni chumba ndani ya uwanja wa ndege ambamo wenye kadi hungojea safari yao mbali na wasio na kadi. Mjomba alionyesha picha. Palikuwa na makochi mapana, taa za dhahabu, vitanda viwili vyembamba vyenye mablanketi meupe, na mwanamke akicheka mbele ya bilauri ya maji kana kwamba maji yamemsimulia kichekesho.

"Vitanda hivyo bado vipo?" Hakimu aliuliza.

"Kila kitu kipo."

"Umewauliza?"

"Haya, mahakama imeanza! Humo wanakaa mabalozi, mtoto wewe. Balozi atakosa pa kuweka miguu?"

Mama yake Hakimu aliitazama picha, kisha akamtazama kaka yake. "Kaka, wewe ni dalali. Unajua vizuri picha hizi zinapigwaje. Usinunue kitu hapa. Mkifika, Hakimu aombe kuingia aangalie. Pakiwa na mahali pa Mama kulaza miguu, lipia, hata kama ni ghali, kwa sababu hiyo ni dawa. Pasipokuwa na mahali, pesa ya mchango wa ndugu isiguswe."

"Nikaombe kuchungulia mlangoni kama mwizi wa kuku?" Mjomba alifoka. "Mbele ya watu wazima?"

"Hukuombwa wewe. Ataomba mtoto."

Kwenye ule uwanja mkubwa walipokewa na mama mmoja mwenye sare ya buluu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasukuma abiria wasioweza kutembea. Alimkalisha Bibi kwenye kiti cha magurudumu, wakapita katika ukumbi uliojaa watu. Wengine walikaa sakafuni wakiegemea mabegi yao. Mjomba alisonya. "Watazame hawa. Utafikiri mizigo." Alisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshuka kwenye kiti cha mwisho kabisa cha ndege, karibu na choo, na tiketi alikuwa amenunuliwa na dada yake.

Mlango wa launji ulikuwa wa kioo kisichoonyesha ndani. Mpokezi, dada mwenye kilemba cha kijani, alikuwa amekaa mbele yake. Mjomba alikaza tai, akabadili na sauti, akaanza kuongea kwa pua kama mtu mwenye mafua. Hakimu alimtangulia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Nikusaidie nini?"

"Bibi yangu anakwenda kupasuliwa goti. Lazima alaze miguu, la sivyo itavimba. Tunaomba nione kama humo ndani ataweza, kabla hatujalipa."

Mjomba aliangalia dari, akajifanya hajui mtoto huyo katoka wapi. Lakini mpokezi aliinuka. "Twende ukaone. Wengi huuliza wakishalipa, halafu wananigombeza mimi."

Ndani mlinukia kahawa na marashi. Makochi yalikuwapo kweli, mapana na ya chini sana. Hakimu alipojaribu moja, lilimmeza hadi magoti yakawa juu ya kiuno, na alipotaka kusimama bila kushika kitu, hakuweza. Viti vingine vilikuwa virefu, vya kuning'iniza miguu. Meza zilikuwa za kioo, kila moja na kibao cha kukataza kuweka miguu. Watu hawakuzungumza. Bwana mmoja mwenye saa nene alikuwa akirundika soseji kwenye sahani kama mtu aliyetoka kifungoni, na alipodhani haonekani, akatia mikate miwili kwenye mfuko wa kompyuta yake. Pembeni yake kijana alikuwa akijipiga picha na keki ambayo hakuila. Hakimu aliwatazama akajiuliza kama hao ndio mabalozi.

"Na vitanda?" aliuliza.

"Tuliviondoa zamani ili makochi yaenee," mpokezi alisema. "Zile picha hazijabadilishwa. Na choo, usije ukasema sikukwambia, kiko chini, unashuka ngazi."

Hakimu alishukuru, akatoka. "Mjomba, hapafai."

"Hapafai! Mabalozi panawafaa, wewe hapakufai!"

"Hakuna kitanda, makochi yako chini, na choo kina ngazi. Bibi akikaa humo hainuki."

"Mimi sikuzaliwa balozi," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nisukumeni twende."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mjomba hakuishia hapo, kwani alikuwa ameshawaambia wenzake wote wa mtaani kwamba siku hiyo atakula launji. Alisema yeye ana watu wa kuonana nao humo. Angejilipia kwa pesa yake mwenyewe, na wao wangempata baadaye.

"Basi tuachie tiketi na barua ya hospitali," Bibi alimwambia. Safari hii ule mkoba mweusi ulikuwa na vitu vya maana.

"Mama, nyaraka hushikwa na mkuu wa msafara." Akaingia, na mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake.

Hakimu hakupoteza muda kumlaani. Alizunguka ukumbi akikagua viti mstari kwa mstari. Karibu vyote vilikuwa na vyuma vya kuwekea mikono, na hakuna mtu angeweza kulala juu yake. Mwishoni kabisa, karibu na lango lililofungwa, alikuta benchi refu lisilo na chuma hata kimoja, na choo kikiwa hatua chache tu. Mama msukuma kiti alimsaidia kumlaza Bibi chali. Hakimu alisimamisha sanduku, akaweka juu yake mto aliotoka nao nyumbani, akainua miguu ya Bibi mmoja mmoja.

"Mto ni mgumu," Bibi alisema. Muda si muda alikuwa anakoroma.

Alasiri, kipaza sauti kilitangaza ndege yao. Lango lilikuwa limehamishiwa upande wa pili wa uwanja, na abiria walitakiwa kufika mara moja. Hakimu alingoja kumwona Mjomba akija. Hakuja. Alipiga simu, ikaita hadi ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Mama msukuma kiti alifika mbio. "Jamani, mbona mko hapa? Lango linafungwa!"

"Tiketi anazo mjomba wangu. Yuko launji."

Mama huyo alitikisa kichwa kama mtu aliyewahi kuuona mchezo huo. "Mimi nampeleka Bibi langoni. Wewe kimbia."

Hakimu alitimua mbio. Kichwani aliliona goti la Bibi likirudi nyumbani kama lilivyotoka. Mpokezi alipomwona, alifungua mlango kabla hajaulizwa. "Humu hatutangazi ndege," alisema. "Wageni wanapenda kimya. Nilimweleza alipoingia, akaniambia yeye ni mzoefu."

Mzoefu alikuwa amelala fofofo. Viatu amevua, soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba, makombo ya keki yamejaa kwenye tai, simu iko mbali ukutani ikichajiwa. Hakimu alimtikisa bega. "Mjomba! Ndege inatuacha!"

Mjomba alishtuka, akataka kusimama, kochi likamrudisha. Akajaribu tena, likamrudisha tena. Ilibidi Hakimu amvute mkono mmoja na mpokezi amvute mwingine, ndipo akang'oka kama mhogo. Alikimbia katikati ya waheshimiwa wake akiwa na mkoba kwapani na kiatu kimoja mkononi. Bwana mwenye saa nene aliinua uso kutoka kwenye soseji. "Wewe, punguza kelele," alisema. Hayo ndiyo maneno pekee ambayo Mjomba aliambiwa na mtu mkubwa siku hiyo.

Langoni, mfanyakazi wa ndege alikuwa ameshashika mlango ili aufunge. Hakuweza, kwa sababu kiti cha Bibi kilikuwa kimekaa katikati, na yule mama mwenye sare ya buluu alikuwa akihangaika nacho huku akiomba radhi kwamba siku hizi magurudumu yake yanakwama. Mara Hakimu na Mjomba walipotokea na tiketi, magurudumu yakapona.

Kesho yake, muuguzi wa hospitali kuu alibonyeza miguu ya Bibi kwa kidole gumba, hapa na pale. Haikuacha shimo kama miguu iliyovimba. "Vizuri sana," alisema. "Wengi wakitoka safari ndefu tunawarudisha." Bibi akaingizwa chumba cha upasuaji, na jioni akatoka salama, goti likiwa limefungwa bandeji nene.

Bibi alipopata nguvu ya kusema, Hakimu alikuwa pembeni ya kitanda amenuna. Kutoka barazani ilisikika sauti ya Mjomba akiwasimulia ndugu wa wagonjwa wengine. "Mama alipumzika vizuri sana launji. Ndiyo maana miguu ilikuwa safi."

"Unamsikia?" Hakimu alisema. "Bibi, naapa sitaingia launji maisha yangu yote. Ni mahali pa wajinga."

"Usiape upuuzi," Bibi alimjibu. "Vile vitanda vingekuwapo, ningeingia, ningelala, na pesa ya ndugu ingekuwa imefanya kazi yake. Chumba kina kosa gani? Usinunue kitu kwa sababu wakubwa wanacho, wala usikikatae kwa sababu unawadharau walio nacho. Kiulize kwanza kitakufaa nini, kisha nenda ukahakikishe kwa macho yako. Wewe ulikwenda kutazama, mama. Mjomba wako alikwenda kutazamwa."

Wakati huohuo Mjomba akaingia, simu mbele kama tochi. "Mama, hebu ona! Watu wameipenda hii picha mpaka basi." Katika picha alikuwa ameshika sahani ya keki, anatabasamu, na nyuma yake lile kochi.

Bibi aliiangalia picha. Halafu akamwangalia mwanawe.

"Wewe ndiye uliyenilaza miguu kule launji, siyo? Ndivyo nilivyokusikia ukisema huko nje."

Mjomba alikohoa. Alimtupia jicho Hakimu, lakini Hakimu alikuwa anatazama dirishani.

"Basi nilaze hivyohivyo," Bibi alisema.

Mjomba akairudisha simu mfukoni, akachukua mto kwenye kiti, akauweka kitandani, na akainua miguu ya mama yake polepole, mmoja mmoja.

"Mto ni mgumu," Bibi alisema. "Na mikono yako ni ya baridi."